Maisha ya Bwana Ronald Ngala, Mjumbe wa Pwani

Ndugu wasomaji, huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona kwamba ukurasa huu, ambao aghalabu hueleza sira za maulamaa na watu wa kheri wa umma wetu, leo umepewa mtu ambaye hakuwa Mwislamu wala hakuzaliwa mjini. Sababu yake ni hii. Kila yanapotajwa mambo ya mwambao katika mabaraza yetu ya Nyali, Kisauni na kisiwani, jina la Ronald Gideon Ngala halikosi kutajwa, nalo hutajwa kwa namna mbili. Wako wasemao kwamba yeye ndiye aliyeizuia pwani isiwe na dola yake. Na wako wasemao kwamba yeye ndiye aliyejaribu kuikinga isimezwe na bara, na kwamba tulimwacha peke yake. Wazee wawili husema maneno hayo hali wamekaa juu ya jamvi moja, na kila mmoja wao ana sehemu ya haki. Mtu huyu amekwisha kufa kwa zaidi ya miaka 50, na vijana wetu wengi hawajui khabari yake ila kwamba kuna barabara mjini Nairobi iitwayo kwa jina lake. Basi tumeona inafaa maisha yake yaelezwe kwa utaratibu, bila ya kumpamba na bila ya kumtukana.

Alizaliwa kiasi cha mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, upande wa Kaloleni, wilaya ya Kilifi. Ili msomaji aelewe mtoto huyu alilelewa kwa hadithi gani, yafaa akumbuke kwamba mwaka 1914, yaani kiasi cha miaka tisa kabla ya kuzaliwa kwake, Wagiriama walipigana na Waingereza. Waingereza walitaka vijana wao wawe wapagazi wa vita na vibarua wa mashamba, na walitaka pia kuwahamisha kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, penye ardhi njema. Mwanamke aitwaye Mekatilili wa Menza alikuwa ameshawaapisha watu wakatae. Kaya yao ikabomolewa kwa baruti, nyumba zikachomwa, na watu wakatozwa faini. Ngala alikulia katikati ya wazee walioyaona hayo kwa macho yao, na wakati huo elimu ya kizungu ilipatikana kwa wamishenari. Akasoma kwao, khalafu akapelekwa shule ya Alliance huko Kikuyu, kisha chuo cha Makerere, akarudi na cheti cha ualimu.

Ualimu ndio uliomtengeneza. Alisomesha katika nchi ya Wataita, khalafu akaletwa Mombasa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, hapo kisiwani, katika mtaa ambao daraja la leo la Nyali linashukia. Mwaka 1949 kikatoka kitabu chake kidogo, alichokiandika kwa Kiswahili, kikieleza nchi na desturi za Wagiriama. Hatusemi kwamba ni kitabu kikubwa. Lakini hutuonyesha tabia yake: mtu wa kuandika jambo kwa mpangilio, kulipa kila fungu mahali pake, na kuamini kwamba lililoandikwa vizuri litaheshimiwa. Tabia hiyo alikuwa nayo mpaka mwisho, na ndiyo iliyompa ushindi wake na ndiyo iliyompa hasara yake.

Mombasa ya miaka ile haikuwa kama ya leo. Kutoka kisiwani kwenda kaskazini palikuwa na daraja la kuelea la Nyali, lililojengwa mwaka 1931, na mwenye kulivuka akilipa ushuru. Ng'ambo yake palikuwa na mashamba ya mkonge na minazi, na Frere Town, makazi ambayo wamishenari waliyaanzisha mwaka 1875 kwa watumwa walioachwa huru, yenye ile kengele ambayo mpaka leo mtaa wake huitwa Kengeleni. Watu wa Kilifi walikuja mjini kutafuta kazi ya bandarini na ya majumbani, wakalala Kisauni na Changamwe katika vyumba vya kupanga. Mwezi wa Machi mwaka 1955 makuli wa bandari waligoma, na serikali ikafahamu kwamba watu hawa ambao haikuwahesabu wanaweza kuifunga nchi nzima mlango. Ngala akaingia katika Baraza la Manispaa, na humo ndimo watu walipoanza kumjua kuwa ni msemaji.

Mwezi wa Machi mwaka 1957 ndipo Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima, na pwani yote, tangu Vanga hata Lamu na mpaka nchi ya Wataita, ilipewa kiti kimoja tu. Wala si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Mwenye elimu au mali alipewa kura zaidi ya moja, na asiye nacho hakupewa kitu. Ngala akashinda. Akaingia pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro na wenziwe watatu, naye akaitwa mjumbe wa Pwani.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwani jambo hili limesahauliwa. Mjumbe huyu wa Pwani hakuchaguliwa na mji wetu. Kura zilikuwa zimegawanywa kwa makabila: Wazungu walikuwa na orodha yao, Wahindi yao, Waarabu yao, na Waafrika yao. Waswahili wa Thenashara Taifa walikuwa wameshindana na serikali kwa miaka mingi juu ya orodha ipi waandikwe, na ugomvi huo uliwatia chuki baina yao na nduguzo Waarabu, na baina yao na majirani wao wa Mijikenda. Basi mtu wa Mji wa Kale na mtu wa Kaloleni, waliokutana kila siku sokoni, walipofika katika siasa kila mmoja alikuwa na mlango wake na msemaji wake. Baadaye, wakati ulipofika wa pwani kusema kwa sauti moja, haikuwa na mazoea hayo. Kosa hilo halikuwa la Ngala wala la wazee wetu. Lilifungwa na watawala kwa makusudi. Lakini sisi tuliolirithi tulikawia sana kulifungua.

Wale wajumbe wanane walipoingia Barazani walikataa kuchukua uwaziri, wakadai viti zaidi, na mwaka 1958 wakaongezewa sita. Katika madai hayo Ngala alikuwa pamoja na wenziwe bila ya kurudi nyuma. Tofauti ilikuwa katika namna ya kusema. Wengine walikuwa na ndimi kali. Yeye akisimama alisema kama mwalimu aliye mbele ya darasa, kwa utulivu, na hoja moja baada ya moja. Magazeti ya wazungu yakaanza kumwita mtu wa wastani. Msomaji aelewe kwamba neno hilo halikuwa sifa kwa masikio ya Waafrika wa zama zile. Mtu wa wastani, kwa maana ya gazeti la wazungu, ni yule asiyewakosesha usingizi. Kwa hiyo kila alipotajwa kwa wema huko, huku alipoteza marafiki.

Walakin ni wastani huo uliomfikisha mahali ambapo wakali hawakufika. Mwaka 1959 wajumbe wa Kiafrika waligawanyika makundi mawili, moja la kina Muliro lililotaka watu wa kila rangi wakubaliwe, na Ngala alikuwa humo, na moja la kina Mboya na Odinga lililosema uongozi ni wa Waafrika peke yao. Serikali ya Uingereza ilipowaita London mwezi wa Januari 1960, katika nyumba ya Lancaster, ilibidi waende wakiwa kitu kimoja. Nani awe mkuu wa msafara? Mboya asingekubaliwa na watu wa Odinga, wala Odinga asingekubaliwa na watu wa Mboya. Wakamchagua mtu wa pwani, na Mboya akawa katibu wake. Wakarudi na ahadi kwamba Waafrika watakuwa na wajumbe wengi kuliko wote katika Baraza. Mtoto wa Kigiriama akawa ndiye aliyekaa mbele ya waziri wa Mwingereza kwa niaba ya Waafrika wa Kenya nzima. Miaka 46 tu ilikuwa imepita tangu ile kaya ibomolewe kwa baruti.

Baada ya hapo akachukua uwaziri wa kazi. Mwaka huo huo chama cha KANU kikaundwa Kiambu, na wakamchagua Ngala kuwa mtunza fedha, naye hayuko. Akakataa. Mtu aliyekuwa mkuu wa msafara miezi michache iliyopita kuambiwa ashike mfuko, ni jambo ambalo hata mtu mpole huliona. Lakini sababu kubwa haikuwa cheo. Wajumbe wa makabila madogo waliona kwamba KANU ni chama cha Wakikuyu na Wajaluo, makabila mawili yaliyokuwa na watu wengi, na kwamba Uhuru ukija kwa hesabu ya vichwa tu, wao watatoka mikononi mwa bwana mmoja na kuingia mikononi mwa bwana mwengine. Tarehe 25 Juni 1960 wakakutana Ngong, wakaunda chama cha KADU: watu wa pwani, Wakalenjin, Wamasai, Waluhya wa upande wa Muliro, na baadhi ya Wasomali. Ngala akawa rais wa chama, Muliro makamu wake, na Moi mwenyekiti.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. Lakini KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. Gavana Renison hakukubali, na mwezi wa Aprili Ngala akaunda serikali yeye, kwa msaada wa baadhi ya wajumbe wa kizungu na wa kihindi, na wajumbe aliowaongeza Gavana. Akawa kiongozi wa shughuli za serikali katika Baraza, na waziri wa elimu. Kwa jambo hili alitukanwa kuliko jambo jengine lolote maishani mwake. Aliambiwa ni kibaraka, ni mtu aliyeuza kifungo cha Kenyatta kwa kiti.

Sisi tukiyatazama mambo hayo leo, bila ya hamaki ya siku zile, hatuoni kwamba hukumu hiyo ni ya haki. Kwani KADU iliingia kwa sharti, na sharti lilikuwa kwamba Kenyatta ajengewe nyumba Gatundu na serikali iandae kurudi kwake. Nyumba ikajengwa, na mwezi wa Agosti 1961 Kenyatta akarudi kwao, Ngala akiwa bado ndiye mkuu wa serikali hiyo. Wale waliokaa nje walipiga makelele ya haki, na makelele yao yalikuwa na kazi yake. Lakini aliyekuwa ndani ndiye aliyekuwa akimfuata Gavana kila siku juu ya jambo hilo. Mzee alipotoka aliongoza KANU, si KADU. Ngala alikuwa amesaidia kumfungulia mlango mtu ambaye angemshinda. Hakuna aliyemshukuru.

Sasa tufike kwenye lile linalotuhusu sisi watu wa mwambao khasa.

Kama mjuavyo, ukanda wa maili kumi tangu Vanga hata Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, haukuwa koloni. Ulikuwa ni milki ya Sultani wa Unguja, Waingereza wakiuendesha kwa mkataba wa mwaka 1895 na kumlipa kodi kila mwaka, na bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea juu ya Ngome, ambapo mtu aliyesimama pwani ya Nyali huiona waziwazi ng'ambo ya maji. Uhuru ulipokaribia, wazee wetu wengi waliingiwa na wasiwasi. Watakuwaje chini ya serikali ya bara? Mahakama ya kadhi itabaki? Hati za mashamba zitaheshimiwa? Watoto wao watasomeshwa Kiarabu na dini? Wakaanzisha harakati ya mwambao, wengine wakitaka kurudi chini ya Unguja na wengine wakitaka dola yao wenyewe. Sheikh Abdilahi Nassir, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa miongoni mwa waliolitetea jambo hilo mpaka London.

Ngala alilipinga. Sababu yake lazima ielezwe kwa insafu, hata kama haitupendezi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, mashamba mengi ya ukanda huu yaliandikwa kwa majina ya Waarabu, Waswahili, Wahindi na makampuni ya kizungu, na Mijikenda waliokuwa wakilima juu yake wakawa maskwota, wanaoweza kuondoshwa siku yoyote. Nyali yenyewe ilikuwa mali ya kampuni. Kwa mtu wa Kaloleni, dola ya mwambao ilikuwa na maana kwamba bandari, mji na ardhi njema vyote vitabaki ng'ambo ya mpaka, naye atakuwa mgeni katika pwani ya baba zake. Wazee wetu walipokuwa wakiogopa kumezwa na Nairobi, majirani wao walikuwa wakiogopa kumezwa na wazee wetu.

Dawa aliyoileta Ngala iliitwa majimbo. Nchi iwe moja, lakini igawanywe sehemu, na kila sehemu iwe na baraza lake lenye madaraka juu ya ardhi, shule, polisi na serikali za mitaa. Na liwepo baraza la pili, la Seneti, kulinda sehemu hizo. KADU ilimleta mtaalamu wa sheria kutoka Uswisi, Dokta Zellweger, kusaidia kuyaandika hayo kwa lugha ya katiba. Makao makuu ya jimbo la Pwani yangekuwa Mombasa. Katika jimbo hilo mtu wa mji na mtu wa Kaloleni wangekaa katika baraza moja, kwa mara ya kwanza, bila ya orodha za makabila.

Ukiyatazama mambo haya mawili, la mwambao na la majimbo, utaona kwamba yametoka katika hofu moja. Na lau wenye mambo hayo wangalikaa pamoja mapema, mwaka 1960 tuseme, kabla ya kila upande kwenda kwa Mwingereza na waraka wake, huenda pwani ingalikwenda London na dai moja lenye nguvu. Hawakukaa ila kwa kutupiana maneno. Wengi katika watu wetu waliona haya kuongozwa na Mgiriama, tena Mkristo, na hili lilisemwa barazani waziwazi, wala hatuoni faida ya kulificha. Na yeye kwa upande wake hakufanya juhudi ya kutosha kuwatuliza watu wenye mashamba juu ya hati zao. Mtu wa wastani alipatana na Moi wa Baringo na Blundell mzungu, lakini hakupatana vya kutosha na jirani yake wa ng'ambo ya daraja.

Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir James Robertson kuchunguza, naye mwishoni mwa mwaka 1961 akatoa ripoti kwamba ukanda uunganishwe na Kenya. Mkutano wa mwaka 1962 ukafanywa London, wa Kenya nzima na wa mwambao. Hapo Ngala akapata majimbo yake, yakatiwa katika katiba. Na wazee wetu wakakosa mwambao wao. Serikali ya mchanganyiko ikaundwa, Kenyatta na Ngala wakikaa pamoja kama mawaziri wa mambo ya katiba. Kisha mwezi wa Oktoba 1963, Mheshimiwa Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Unguja, na Kenyatta, waziri mkuu wa Kenya, wakapeana barua, na mkataba ukatiwa sahihi kwamba Sultani anaiacha milki yake ya pwani, na Kenya inaahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi, hati za ardhi, usomeshaji wa Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu kadiri iwezekanavyo, na maafisa Waislamu katika sehemu za Waislamu, nalo hilo kadiri iwezekanavyo. Bendera nyekundu ikashushwa. Mwezi mmoja tu baada ya Uhuru wa Kenya, tarehe 12 Januari 1964, dola ya Unguja nayo ikapinduliwa.

Uchaguzi wa Mei 1963 ulikuwa umeshindwa na KANU. Ngala akawa kiongozi wa upinzani katika Bunge na rais wa Baraza la Jimbo la Pwani hapa Mombasa. Jimbo hilo lilikuwapo katika karatasi, lakini lilikuwa kama mtu aliyepewa nyumba bila ya funguo. Serikali ya Nairobi ilichelewesha kutoa fedha, ikachelewesha kutoa maafisa, na katika mkutano wa London wa Septemba na Oktoba 1963 ikapewa kuyapunguza madaraka ya majimbo kabla hayajaanza kufanya kazi. Baadhi ya viongozi wa KADU walitishia kuigawa nchi. Tishio hilo halikutimizwa, nasi tunaona kwamba kutotimizwa kwake ni katika mema yanayohesabiwa kwa Ngala, kwani damu ingalimwagika, na ingalimwagika kwanza katika mitaa ya watu maskini, Kisauni na Changamwe, wanamoishi watu wa kila kabila.

Baada ya Uhuru wajumbe wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja kwenda upande wa serikali. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akasimama Bungeni akatangaza kwamba chama chake kinajivunja na kuingia KANU, kwa ajili ya umoja wa taifa. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakageuzwa kuwa mikoa. Kufikia mwaka 1968 hakikubaki kitu. Seneti pia ilikwisha, mwaka 1966.

Juu ya jambo hili hatuwezi kumtetea kama tulivyomtetea juu ya serikali ya mwaka 1961. Wako wanaosema hakuwa na njia nyengine, na kwamba chama kinachokimbiwa na watu wake ni afadhali kifungwe kwa heshima. Lakini majimbo hayakuwa mali ya KADU. Yalikuwa ni katiba, na watu wa pwani waliyapigia kura, mijini na mashambani. Walioitwa kupiga kura kuyapata hawakuitwa kuulizwa yalipotolewa. Yeye aliyeamini maisha yake yote kwamba lililoandikwa litaheshimiwa, aliliacha lililoandikwa lifutwe bila ya kuwauliza wenyewe. Baadhi ya wazee wa mji waliokuwa wamempinga katika mambo ya mwambao walilia juu ya majimbo siku zile, na wakati wa kulia ulikuwa umepita.

Kilichosalia ni kidogo, nacho kimesalia kwa sababu kilikuwa na watu wa kukilinda. Mahakama za kadhi zilibaki katika katiba, na katiba mpya ilipoandikwa mwaka 2010 wako waliotaka ziondolewe. Waislamu wakasimama, zikabaki. Katiba hiyo hiyo ikarudisha Seneti, na ikaigawa nchi katika kaunti 47, ambazo zilianza kazi mwaka 2013. Si majimbo yale, kwani pwani imegawanywa kaunti sita wala haina baraza moja. Lakini aliyezisoma karatasi za Ngala za mwaka 1961 akisoma katiba ya mwaka 2010, atakutana na mambo mengi anayoyajua.

Maisha yake ndani ya KANU hatutayarefusha. Mwaka 1966, katika mkutano wa Limuru uliomtoa Odinga, alichaguliwa mmoja wa makamu wanane wa rais wa chama, kwa upande wa Pwani, na mwaka huo akapewa wizara ya ushirika na huduma za jamii. Baadaye akapewa wizara ya nguvu za umeme na mawasiliano. Miaka hiyo alisumbuliwa na ugomvi usiokwisha wa matawi ya KANU ya Mombasa, watu wakigombania vyeo vya chama ambacho hapo kwanza baadhi yao walikuwa wakikipinga. Aliwatafutia watu wake shule na mabarabara kama wafanyavyo mawaziri, wala hakusahau Kilifi. Jambo la maskwota, lililomfanya aukatae mwambao, alilikuta na akaliacha. Nalo bado liko, na kila uchaguzi ukifika wagombea hulitoa kabatini na kulirudisha.

Mwezi wa Desemba 1972, katika siku za sikukuu ya Jamhuri, alikuwa akisafiri kwa gari, na karibu na Konza gari lake likapata ajali. Iliyosimuliwa ni kwamba nyuki waliingia garini wakamshambulia dereva. Watu wengi wa pwani hawakuiamini khabari hiyo, na hata leo wako wasioiamini; nasi hatutaongeza dhana juu ya dhana. Alilazwa hospitali ya Kenyatta, na tarehe 25 Desemba akafariki, umri wake ukiwa kiasi cha miaka 50. Alizikwa kwao, nchi ya Kaloleni.

Baraza la Jimbo la Pwani lilifanya vikao vyake hapa mjini kwa muda mfupi, na wajumbe wake waliochukua kumbukumbu nyumbani kwao hawakuwa wachache. Ikiwa yupo msomaji wa Nyali, Kisauni, Likoni au kwengineko ambaye mzee wake aliacha karatasi za vikao hivyo, au barua za mambo ya mwambao za miaka ya 1960 hata 1964, tunamwomba azilete darasani siku ya Jumamosi baada ya sala ya Alasiri zinakiliwe, naye atarudishiwa zake siku hiyo hiyo.